Nani analitikisa behewa? Kuuelewa mtikisiko unaojilisha wenyewe

Treni ya Kigoma ikishaiacha Tabora na kuchanganya kwenye reli iliyonyooka kuelekea Urambo, abiria wa mabehewa ya nyuma huanza kuyumba. Sizungumzii ule mgongano wa maungio ya reli unaosikika chini ya miguu. Huu ni mwendo wa pembeni, kushoto na kulia, wenye mpigo wake usiobadilika, kiasi kwamba chai iliyojaa kikombe humwagikia upande huu kisha upande ule. Wengi husema reli imechoka, na mara nyingi kweli imechoka. Lakini behewa linaweza kucheza hivyohivyo juu ya reli mpya, tuta likiwa limeshindiliwa vizuri, siku isiyo na upepo. Hakuna anayelisukuma upande. Kichwa cha treni kinalivuta mbele tu.

Basi nguvu ya kulipeleka pembeni inatoka wapi?

Naliweka swali hili mbele kwa sababu ndilo linalosahaulika kila mara tunapoelezwa kwa nini daraja fulani lilianguka au mashine fulani ilijivunja yenyewe. Jibu la haraka huwa ni resonansi: msukumo wa nje ulikuwa na mpigo wake, mpigo huo ukalingana na mpigo wa asili wa kitu chenyewe, mtikisiko ukakua. Resonansi ipo na inavunja vitu. Lakini ina sharti lake, kwamba lazima awepo msukumaji mwenye mpigo. Ukimwondoa, mtikisiko unafifia. Kwenye behewa letu msukumaji wa namna hiyo hayupo kabisa. Ninavyoona mimi, anayetaka kuelewa mambo haya asianze kwa kuuliza kitu kinatetemeka mara ngapi kwa sekunde. Aanze kwa kuuliza nishati inaingilia wapi.

Chuma, mbao, mpira, hata zege kwa kiasi chake, vina unyumbufu. Ukivipinda vinaweka akiba ya nishati, ukiviachia vinairudisha. Vikirudi havisimami katikati, kwa sababu vina tungamo, yaani wingi wa maada yake. Vinapitiliza upande wa pili, kisha vinarudi tena. Ndiyo maana kila muundo una mpigo wake wa asili, na mara nyingi una mipigo kadhaa. Kinachouzima mtikisiko ni ukinzani: msuguano wa viungo, hewa, mafuta ndani ya shokapu. Kila mzunguko, ukinzani unakula sehemu ya nishati. Muundo ulio thabiti ukiguswa, mtikisiko wake hupungua mzunguko hadi mzunguko. Usio thabiti ni ule ambao kila mzunguko unaingiza nishati nyingi kuliko inayoliwa. Ukifika hapo, mguso mdogo kabisa unatosha kuanzisha, maana kinachoangusha si ule mguso bali kile kinachoongezwa baada yake.

Mwaka 1744 Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alitupa njia ya kukokotoa mzigo ambao nguzo nyembamba itaubeba kabla haijajipinda pembeni. Aliuliza: ni kwa mzigo gani nguzo inaweza kutulia ikiwa imepinda? Swali lake linatumika mpaka leo kwa minara ya matangi ya maji na nguzo za maghala ya tumbaku. Lakini ni swali la vitu vilivyotulia. Ndani yake hamna muda, wala hamna tungamo la nguzo. Na iko miundo isiyoweza kutulia ikiwa imepinda kwa mzigo wowote ule, ambayo bado hupoteza uthabiti. Haipindi ikabaki imepinda, inaanza kucheza.

Gurudumu lenye mwinamo

Turudi relini, kwa sababu hapa mambo yanaonekana kwa macho. Uso wa gurudumu la treni haukunyooka. Upande wa ndani, karibu na ule ukingo uliochomoza, ni mnene kidogo kuliko upande wa nje. Gurudumu jipya lenye mwinamo wa 1 kwa 20 ni jambo la kawaida. Magurudumu mawili yamekazwa kwenye ekseli moja na yanazunguka pamoja, hakuna la kumtangulia mwenzake. Sasa ekseli ikisogea kushoto kidogo tu, gurudumu la kushoto linakanyagia sehemu yake nene na la kulia sehemu yake nyembamba. Kwa mzunguko mmoja la kushoto linafika mbali zaidi, kwa hiyo ekseli inageukia kulia na kurejea katikati. Hivyo ndivyo treni inavyojiongoza. Ule ukingo wa ndani, ambao wengi wanadhani ndio unaoishika treni isitoke, kwenye njia iliyonyooka haupaswi hata kugusa reli.

Tatizo ni kwamba ekseli inafika katikati ikiwa bado imeelekea kulia. Inapitiliza. Upande wa pili mambo yaleyale yanageuka, inarudishwa kushoto, inapitiliza tena. Mwaka 1883 Mjerumani aitwaye Klingel alionyesha kuwa urefu wa wimbi hilo hautegemei kasi. Unategemea ukubwa wa gurudumu, upana wa njia na mwinamo wa uso wa gurudumu. Kwa njia yetu ya zamani yenye upana wa mita moja, ukichukua gurudumu la nusukipenyo cha sentimita 40 na mwinamo wa 1 kwa 20, wimbi moja linapata kama mita 13. Treni ikienda kilometa 50 kwa saa, hiyo ni takribani yumba moja kamili kila sekunde.

Hesabu ya Klingel inaeleza umbo la mwendo. Haisemi kama utakua au utafifia. Kwa hilo ilibidi kutazama pale chuma kinapogusana na chuma, eneo la sentimita moja hivi ya mraba. Gurudumu halikanyagi reli bila kuteleza hata chembe. Kuna kuteleza kudogo sana mahali hapo, na kuteleza huko kunazaa kani za pembeni. Mhandisi Mwingereza F. W. Carter ndiye aliyeziingiza kani hizo kwenye hesabu, mwanzoni mwa karne ya 20. Kinachotokea ni hiki: treni ikienda taratibu, kani hizo pamoja na springi za bogi, yaani ile fremu inayobeba ekseli chini ya behewa, zinaufifisha mwendo wa pembeni. Ikivuka kasi fulani, na kila aina ya bogi ina kasi yake, kani zilezile zinaanza kuulisha. Nishati inachotwa kwenye mwendo wa mbele. Kichwa cha treni kinavuta kwa nguvu zaidi kidogo, na ziada hiyo inageuka kuwa yumba. Inakua mpaka ukingo wa gurudumu unaanza kugonga reli, kushoto, kulia, kushoto, kulia.

Mwezi Machi 1955 Wafaransa walifikisha kichwa cha umeme kasi ya kilometa 331 kwa saa. Rekodi ya dunia ilipatikana, na reli zilizopitiwa ziliachwa zimepindapinda kwa kani za pembeni. Chanzo kilikuwa mwendo huuhuu.

Aliyeufahamu vizuri ni Tadashi Matsudaira wa Japani, na njia aliyopitia inanivutia sana. Wakati wa vita kazi yake ilikuwa mitetemo ya ndege za kijeshi, hasa ule mpapatiko wa mabawa ambao huanza ghafla ndege ikivuka kasi fulani na kulivunja bawa kwa muda mfupi. Vita ilipokwisha alihamia utafiti wa reli. Huko alikuta wahandisi wengi wanaamini kwamba treni huyumba kwa sababu njia ina kasoro. Yeye akaona ugonjwa ni uleule wa mabawa: mwendo unaojilisha kwenye kasi, wala hauhitaji kasoro. Kama tatizo ni njia, dawa ni kunyoosha njia. Kama mwendo unajilisha, unaweza kunyoosha njia mpaka mwisho na treni ikaendelea kuyumba. Dawa ikawa kwenye bogi: springi za kuzishika ekseli zilizopimwa ukakamavu wake (ugumu wa kukataa kupindwa au kuvutwa), na ukinzani wa kuzuia bogi isijizungushe kirahisi. Shinkansen, treni ya kasi ya Japani, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, ikaenda kilometa 210 kwa saa.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa kasi zake, yumba hii imekuwa kero zaidi kuliko hatari. Reli ya kisasa ni habari nyingine. Tangu 2024 treni za umeme zinakwenda hadi kilometa 160 kwa saa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na njia inajengwa kuja Tabora na kuendelea Kigoma. Gurudumu likilika, mwinamo wake unaongezeka. Mwinamo ukitoka 1 kwa 20 kwenda 1 kwa 5, urefu wa wimbi unapungua hadi nusu na ile kasi ya hatari inashuka. Kwa maana hiyo treni iliyokuwa salama kwa kilometa 160 mwaka wa kwanza inaweza isiwe salama kwa kasi hiyohiyo baada ya miaka, njia ikiwa haijaguswa. Kukereza magurudumu kwa wakati, hata kama bado yana chuma cha kutosha, ni kazi ya kulinda uthabiti. Natamani kila fundi kijana wa reli afundishwe hili mapema.

Upepo usio na mpigo

Mfano unaotajwa kila mahali ni daraja la Tacoma Narrows, Marekani. Lilifunguliwa tarehe 1 Julai 1940 na kuanguka tarehe 7 Novemba mwaka huohuo, kwa upepo wa kilometa 64 hivi kwa saa. Vitabu vingi vya fizikia vimefundisha kuwa ilikuwa resonansi: upepo unapopita kwenye kitu huachia vimbunga vidogo kwa zamu, juu na chini, na zamu hizo zililingana na mpigo wa daraja. Hesabu inakataa. Kwa upepo ule, vimbunga vingeachiliwa takribani mara moja kila sekunde, ilhali daraja lilikuwa likijinyonga mara moja kila sekunde tano. K. Y. Billah na R. H. Scanlan waliliweka hili wazi mwaka 1991.

Kilichotokea ni kwamba njia ya daraja ilikuwa nyembamba na laini kwa kujinyonga. Ikijinyonga kidogo, hewa inaipita kwa namna tofauti, na mabadiliko hayo ya hewa yanaisukuma izidi kuelekea kulekule inakokwenda. Upepo haukuwa na mpigo. Mpigo ulitoka kwa daraja lenyewe. Upepo ulileta nishati, daraja likachagua wakati wa kuipokea.

Bomba la mpira kwenye tawi la mwembe

Kwa wanaotaka kuona kwa macho, hawahitaji maabara. Tabora ina miembe mingi na watu wengi wanaomwagilia bustani kwa pampu ndogo. Chukua bomba la mpira laini na jembamba, lifunge kwenye tawi, mita moja hivi ining'inie mdomo ukitazama chini. Fungua maji kidogo. Lipige bomba kwa mkono: litayumba na kutulia, tena litatulia haraka kuliko likiwa halina maji yanayopita. Maji yaendayo polepole yanasaidia uthabiti. Ongeza. Ongeza tena. Pakifika mahali fulani bomba litaanza kujichapa huku na huko, na halitaacha mpaka upunguze maji.

Tazama mdomo wa bomba wakati linajichapa. Linapokwenda kulia, mdomo unakuwa umebaki nyuma, umeelekea kushoto. Maji yanatoka yakielekea kushoto, kwa hiyo yanasukuma mdomo kwenda kulia, kulekule unakokwenda tayari. Linaporudi kushoto, mdomo umeelekea kulia, na maji yanalisukuma kushoto. Kila safari linapewa nyongeza. Umbo hilo la kubaki nyuma ndilo siri yote. Bomba gumu, lisiloweza kupinda, haliwezi kulifanya. Linahitaji angalau mapindo mawili yanayocheza kwa kupishana, moja likichelewa nyuma ya lingine.

Kani ya namna hii, tuiite kani ya kufuata, inalifuata umbo la kitu kinachosukumwa. Mzigo wa kawaida, kama tangi la maji juu ya nguzo, huelekea chini hata nguzo ipinde vipi. Kani ya maji kwenye mdomo wa bomba hugeuka pamoja na mdomo. Mwaka 1952 Max Beck alikokotoa nguzo iliyokazwa chini tu, ikisukumwa juu na kani yenye tabia hiyo. Njia ya Euler ikitumiwa hapo inasema hakuna kikomo, nguzo haitapinda kamwe. Beck akaingiza muda na tungamo, akapata kikomo: kama mara 8 ya kile ambacho nguzo hiyohiyo ingebeba chini ya mzigo wa kawaida. Ikifika hapo haipindi ikatulia. Inajichapa mfano wa bomba letu.

Mwaka huohuo Hans Ziegler, Uswisi, akagundua jambo ambalo bado linawasumbua wanafunzi. Alichukua fito mbili zilizounganishwa kwa bawaba zenye springi, akaweka kani ya kufuata mwisho wa fito ya pili. Bila ukinzani wowote kwenye bawaba, uthabiti ulipotea kwenye thamani ya 2.09 kwa vipimo vyake. Akaongeza ukinzani kidogo sana, akitarajia mfumo uwe salama zaidi au ubaki ulivyo. Kikomo kikashuka hadi 1.46, karibu theluthi moja chini.

Inawezekanaje shokapu ikaharibu? Kumbuka mdomo wa bomba. Kani hii inaingiza nishati pale tu sehemu moja inapochelewa nyuma ya nyingine. Bila ukinzani, chini ya kikomo, fito zote mbili zinafika mwisho wa safari zao kwa wakati mmoja, hakuna inayochelewa, na nishati inayoingia nusu ya kwanza inatoka nusu ya pili. Ukinzani unaleta kuchelewa. Unakula nishati kwa mkono mmoja na kufungua njia ya kuingia kwa mkono mwingine, na ukiwa mdogo, kinachoingia kinazidi. Mholanzi Bottema alilieleza kihisabati mwaka 1956. Kwa muda mrefu wapo waliosema kani ya kufuata ni ndoto ya karatasini, mpaka mwaka 2011 Davide Bigoni na Giovanni Noselli wa Italia walipoijenga kwa kutumia gurudumu dogo linalokwaruza juu ya bamba linalosogea, mfumo ukaanza kucheza waziwazi. Msuguano mkavu unatosha. Mlio mkali wa breki za basi linaposimama stendi ni ndugu wa jambo hilohilo.

Pale ukakamavu unapopanda na kushuka

Mlango wa mwisho ni tofauti na yote niliyoyataja. Nishati inaweza kuingia kwa kubadilisha ukakamavu wa kitu kwa mpigo, bila kukisukuma kuelekea upande kinakotikisikia. Waya ukikazwa na kulegezwa kwa zamu, mara mbili kwa kila yumba lake moja, utaanza kuyumba pembeni ingawa unavutwa kwa urefu tu. Michael Faraday aliona jambo la aina hii kwenye vimiminika vilivyotikiswa mwaka 1831, na Franz Melde akalionyesha kwa uzi mwaka 1859. Ndiyo maana madaraja yanayoshikwa kwa nyaya, kama la Nyerere pale Kigamboni, lazima yakaguliwe kwa swali hili: njia ya daraja isipande na kushuka kwa mpigo ulio mara mbili ya ule wa nyaya zake.

Tabora sehemu ya kulitazama hili kwa karibu ni kwenye mashine ya kusaga au kukoboa. Injini ya dizeli iko juu ya fremu ya chuma, na fremu imekatizwa na fito nyembamba za kuishikilia. Injini yenye mtikisiko wa mara 900 kwa dakika inazibana na kuzivuta fito hizo mara 15 kwa sekunde, kwa urefu wake. Fito ambayo mpigo wake wa pembeni ni 7.5 kwa sekunde itaanza kuvuma na kuyumba pembeni, na baada ya miezi ulehemu wake utapasuka. Mwenye mashine hubadilisha fito kwa nyingine ya urefu na unene uleule, na inapasuka tena. Kamera ya simu inayorekodi taratibu inatosha kuthibitisha. Hesabu: fito ikitikisika mara moja wakati injini inatikisika mara mbili, umelipata. Ikitikisika sawasawa na injini, hiyo ni resonansi ya kawaida.

Dawa yake ni rahisi. Kuifunga fito katikati kwa kipande kingine cha chuma kunaigawa urefu mara mbili, na mpigo wa kila nusu unapanda karibu mara nne, hadi 30 kwa sekunde, mbali na unapoishi mtikisiko wa injini. Kubadili mwendo wa injini nako kunasaidia pale kazi inaporuhusu. Na hapa, tofauti na fito za Ziegler, ukinzani ni rafiki: kipande cha mpira wa tairi kilichobanwa kwa bolti kati ya fito na fremu kinainua kiwango ambacho mbano wa injini lazima ukivuke kabla fito haijaanza kucheza, mradi bolti zisilegee.